Nani anatuchagulia wa kuwachagua?

 

Kila unapomalizika uchaguzi hapa nchini mjadala huwa ni ule ule. Kura zimeibwa, hazikuibwa. Wakala kafukuzwa kituoni, hakufukuzwa. Matokeo yamecheleweshwa kwa makusudi au kwa ubovu wa barabara. Hayo ni mambo mazito na wala sisemi yapuuzwe. Lakini kuna jambo linalotangulia yote hayo na ambalo sisi wapiga kura hatulipi uzito wake, nalo ni uteuzi wa wagombea. Siku tunapopanga foleni kituoni, kazi kubwa inakuwa imeshafanywa na watu wengine, katika vikao ambavyo wengi wetu hatukualikwa. Sisi tunakabidhiwa karatasi yenye majina mawili au matatu na kuambiwa tuko huru kuchagua.

Katika darsa hii nakusudia kueleza mambo matatu: Uislamu unatufundisha nini juu ya kuwateua viongozi, hali yetu ya uteuzi na kanuni za Bunge ikoje, na nini kirekebishwe.

Uongozi ni amana

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (s.w) ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki, na kuhukumu kwa uadilifu. Wanazuoni wengi wa tafsiri wameingiza uongozi wa watu katika amana hizo. Ina maana kwamba kumpa cheo asiyestahiki, ilhali anayestahiki yupo na anajulikana, ni khiyana ya amana, hata kama taratibu zote za karatasi zimefuatwa.

Sifa za anayestahiki nazo zimetajwa. Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (a.s), hoja yake ilikuwa kwamba ana nguvu na ni mwaminifu (28:26). Nabii Yusuf (a.s) alipoomba kusimamia hazina ya Misri alitaja kwamba ni mtunzaji na ni mjuzi (12:55). Uwezo, uaminifu, ujuzi. Ukoo, utajiri na ukaribu na wakubwa havimo.

Wapo ndugu wanaotumia hadithi ya Abdurrahman bin Samura (r.a), ambayo Mtume (s.a.w) alimkataza kuuomba uongozi, wakasema Muislamu asigombee kabisa. Wanazuoni wameikusanya hadithi hii na kisa cha Nabii Yusuf, wakaeleza kuwa kinachokatazwa ni uroho wa madaraka. Ama mwenye uwezo anayeona haki za watu zinapotea, huyo analo la kumwambia Mola wake. Lakini hadithi inatufunza jambo moja kubwa, kwamba utaratibu mzuri ni ule unaowawezesha watu kumtafuta kiongozi. Utaratibu wetu umejengwa kinyume chake: mtu anajitafuta mwenyewe, anachukua fomu, kisha anatafuta wakubwa wa kumpitisha.

Somo la Shura ya Umar

Umar bin Khattab (r.a) alipochomwa kisu na kujua anaondoka duniani, aliacha jambo la ukhalifa mikononi mwa Masahaba sita: Uthman, Ali, Abdurrahman bin Auf, Talha, Zubair na Saad bin Abi Waqqas (r.a). Mwanawe, Abdullah bin Umar, aliruhusiwa kuhudhuria na kutoa ushauri lakini hakuruhusiwa kuwa mgombea. Huo ni msingi wa kwanza: mwenye madaraka anayeondoka hamuingizi mwanawe katika orodha.

Kisha Abdurrahman bin Auf akajitoa katika kugombea ili asimamie kazi ya kumpata Khalifa. Huo ni msingi wa pili: anayesimamia uteuzi asiwe na maslahi katika uteuzi huo. Wanahistoria wameeleza kwamba kwa siku tatu alizunguka Madina akiwauliza watu, wakubwa na wa kawaida, hata wanawake majumbani. Huo ni msingi wa tatu: wateuzi wachache wanawajibika kuwauliza wengi.

Misingi hiyo ni ya karne 14 zilizopita. Tuchukue mizani hiyo tupime hali yetu.

Mlango ulivyobanwa tangu zamani

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika mwaka 1958 na 1959 kwa utaratibu uliojulikana kama Kura Tatu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu au kipato cha kiwango fulani, na alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti ya elimu yaliwabana hasa Waislamu, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni. Sheikh Suleiman Takadir, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alipohoji nafasi ya Waislamu katika wagombea wa chama alifukuzwa. Yeye na wazee wenzake ndio waliokibeba chama kile tangu kikiwa kichanga. Ndugu msomaji, tazama kwamba hoja ya sheikh yule ilihusu uteuzi. Kura zilikuwa hazijapigwa.

Chini ya chama kimoja, kuanzia uchaguzi wa 1965, mkutano wa wilaya ulipendekeza majina, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili tu kwa kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Wananchi walikuwa na uhuru wa kweli baina ya hao wawili, na mwaka ule hata mawaziri walianguka. Lakini wa tatu hakuwepo.

Vyama vingi viliporejea mwaka 1992, mlango ulipanuliwa kidogo, ila ufunguo ulibaki kwa vyama. Ibara ya 39 na ya 67 za Katiba ya 1977 zinamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Udiwani nao ni hivyo hivyo.

Mimi nafundisha Masaki. Siisemi ile ya mabalozi jijini Dar es Salaam, naisema kata ya Masaki, wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Chukua mfano wa mzee wa hapa, mwaminifu, anayetunziwa fedha za visima na wakulima wa mihogo, ambaye hataki kadi ya chama chochote kwa sababu hataki kugawa watu wa msikiti wake. Kata nzima ikimwendea na kumtaka awe diwani, sheria inasema haiwezekani. Kura anayo ya kuwapigia wengine tu.

Mtikila na haki yetu

Aliyeipinga sheria hii mahakamani ni Mchungaji Christopher Mtikila. Waislamu wengi tunamkumbuka kwa maneno yake makali dhidi yetu, na hatukuwa marafiki. Lakini Allah (s.w) ametukataza, katika Suratul-Maida aya ya 8, chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Kwa uadilifu huo tukiri kwamba katika jambo hili alisimamia haki ambayo ni yetu pia.

Mwaka 1993 alifungua shauri, na Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akaamua kuwa mgombea binafsi ni haki ya raia. Serikali haikusubiri. Mwaka ule ule Bunge lilibadilisha Katiba ili kuizima hukumu hiyo. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, kwa jopo la majaji saba likiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua na kusema hilo ni jambo la kisiasa linalopaswa kuamuliwa na Bunge.

Hapo ndipo penye mtego. Bunge linaloambiwa liwafungulie mlango wagombea binafsi limejaa watu walioingia kwa mlango wa vyama, ambao mlango huo ukifunguliwa watapata wapinzani wapya. Ni sawa na kumwambia mpangaji aamue kama nyumba ipangishwe kwa mwingine.

Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ikaamua kuwa Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika, na kuitaka irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015. Mwaka 2019 Tanzania ikajitoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Hadi uchaguzi wa Oktoba 2025, mgombea binafsi alikuwa bado haruhusiwi.

Takrima: neno jema lilivyochafuliwa

Ndani ya vyama nako kuna mtihani wake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilifanyiwa marekebisho, na kile anachotoa mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kijadi kikaitwa takrima na kikaruhusiwa. Sisi tunaosomesha lugha ya Kiarabu tunajua kwamba takrima inatokana na kukirimu, kumheshimu mgeni. Neno la ibada likavishwa khanga, kofia, pilau na bahasha. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo baada ya asasi za haki za binadamu kufungua shauri, kwa hoja kwamba vinabagua baina ya mwenye nacho na asiye nacho na vinafungua njia ya rushwa.

Waislamu hatukuhitaji kungoja hukumu ile. Mtume (s.a.w) alimtuma mtu mmoja aitwaye Ibn Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, moja akasema ni la Waislamu na jingine akasema yeye kapewa zawadi. Mtume (s.a.w) alipanda mimbari akahoji: kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hizo zingemfuata? Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mizani ni hiyo hiyo kwa mgombea. Je, pilau lile angelipika mwaka ambao hakuna uchaguzi?

Rushwa ya kura za maoni hustawi zaidi pale wapigaji wanapokuwa wachache. Mwaka 2010 CCM iliruhusu wanachama wake wote kupiga kura za maoni. Mwaka 2020 kazi hiyo ilikuwa ya wajumbe wa mkutano wa jimbo, na ndipo mitaani ukazuka ule utani kwamba wajumbe si watu wazuri. Mjumbe anafikika nyumbani kwake usiku. Kata nzima haifikiki. Na juu ya kura hizo vipo vikao vya juu vyenye neno la mwisho, ambavyo mwaka huo viliwaacha baadhi ya walioongoza. Vyama vya upinzani navyo visijitakase, kwani uteuzi wao nao huishia kwa wakubwa wachache.

Kisha kuna fomu. Mwaka 2019 katika uchaguzi wa serikali za mitaa vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Mwaka 2020 zaidi ya wabunge 20 wa CCM walipita bila kupingwa, akiwemo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, jimboni Ruangwa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 imerekebisha hilo, mgombea pekee sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua. Lakini mwaka 2025 Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alienguliwa katika urais, akarejeshwa na Mahakama Kuu, kisha akaenguliwa tena Septemba hiyo hiyo. Baada ya hapo nchi ilishuhudia siku za Oktoba 29 na zilizofuata, watu wakapoteza maisha. Mlango wa uteuzi ukizibwa, hasira haiyeyuki. Inatafuta pa kutokea.

Ndani ya Bunge

Tuseme mtu mwema amepenya vikwazo vyote hivyo, akaapishwa Dodoma. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompendekeza anapoteza kiti chake. Maana yake, waliomchagua ni maelfu, lakini wa kumfukuza ni kikao cha watu wachache.

Na sheria hiyo haikutumika kwa usawa. Julai 2017 upande wa CUF uliokuwa chini ya Profesa Ibrahim Lipumba uliwafukuza wabunge 8 wa viti maalum. Spika Job Ndugai alilikubali jambo hilo katika muda wa siku chache, na nafasi zao zikajazwa na wengine. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum huku chama chao kikisema hakikuwateua. Chama kikawafukuza siku chache baadaye, Baraza Kuu likatupa rufaa zao Mei 2022, wao wakaenda mahakamani, na wakabaki bungeni hadi mwisho wa Bunge lile. Katiba moja, matokeo mawili. Sisemi nani alikuwa na haki katika migogoro hiyo. Nasema kwamba kanuni inayompa mtu mmoja nafasi ya kuharakisha hapa na kuchelewesha pale si kanuni ya uadilifu.

Kwamba kanuni nzuri zina faida tumeshaona. Wakati wa Spika Samuel Sitta, Bunge lilitengeneza kanuni mpya za mwaka 2007, na Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe juu ya Richmond ilimfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu. Na kwamba mambo hurudi nyuma tumeona vilevile: Januari 2016 serikali ilitangaza kuwa TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge. Mwenye mali akazuiwa kumuona wakili wake akiwa kazini.

Hili linatuhusu vipi Waislamu?

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 tuliilalamikia sana, lakini ilipitishwa na Bunge lenye wabunge Waislamu. Suala la Mahakama ya Kadhi liliingizwa katika ilani ya CCM ya 2005, miaka 10 baadaye muswada uliohusu jambo hilo ukaondolewa bungeni. Tumezoea kuuliza wabunge wetu Waislamu walikuwa wapi. Jibu liko katika Ibara ya 71. Walikuwa ndani ya vyama vyao. Mbunge ambaye riziki yake na kiti chake viko mkononi mwa chama atasema ndiyo, awe anaitwa Juma au John.

Kwa hiyo kuhesabu majina ya Kiislamu katika orodha ya wagombea hakutoshi. Jina halitufai kitu ikiwa ulimi umefungwa. Kinachotufaa, sisi na wenzetu Wakristo na wasio na dini, ni kanuni inayomfunga mbunge kwa waliomchagua.

Nini kirekebishwe?

Kwanza, mgombea binafsi aruhusiwe, kwa sharti la kupata idadi ya wadhamini wa jimbo lake. Wanaosema nchi itasambaratika watazame majirani. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu, kwa sharti kwamba mgombea huyo asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla. Uganda ilipata wabunge binafsi zaidi ya 70 katika uchaguzi wa 2021. Nchi hizo zina matatizo yao mengi, lakini hili halimo katika yaliyozivunja. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ya 2013 nayo ililikubali.

Pili, sheria ivitake vyama viwape wanachama wote kura katika uteuzi. Kikao cha juu kikimwacha aliyeongoza kitoe sababu kwa maandishi, na asimamizi wa uteuzi asiwe mgombea, kama alivyofanya Abdurrahman bin Auf.

Tatu, kosa dogo la fomu lirekebishwe badala ya kumwengua mtu, na uamuzi wa Tume uweze kuhojiwa mahakamani kabla ya siku ya kura. Ibara ya 74(12) ya Katiba inayozuia mahakama kuchunguza kazi za Tume iondolewe.

Nne, orodha ya viti maalum itangazwe kabla ya uchaguzi, kama Kenya inavyofanya, ili mpiga kura ajue anampa nani kura yake. Orodha ikijulikana mapema hakutakuwa na ubishi wa nani kateuliwa na nani kajiteua.

Tano, kiti cha mbunge kiwe cha wapiga kura. Wao ndio wawe na uwezo wa kumwondoa, kama Rasimu ya Warioba ilivyopendekeza, na mgogoro wa kiti uamuliwe na mahakama ndani ya muda maalum.

Sita, kura juu ya miswada mikubwa zipigwe kwa majina na kuchapishwa. Bajeti hupigiwa kura kwa mbunge kuitwa jina. Kwa nini sheria inayoweza kumfunga mtu maisha iamuliwe kwa sauti, Spika akasikiliza na kutangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda?

Tuanze na sisi wenyewe

Haya hayatakuja kwa kulalamika barazani baada ya swala ya Alasiri. Mwanachama wa chama ahudhurie mkutano wa tawi lake na adai kura yake. Asiye na chama amwandikie mbunge wake na amuulize waziwazi: juu ya mgombea binafsi unasimama wapi? Jibu lake lisomwe mbele za watu.

Na tuanzie nyumbani. Kamati za misikiti yetu zimeteuliwa vipi? Mara ngapi jina la mwenyekiti linatoka kwa mwenyekiti? Mara ngapi mahesabu ya msikiti hayasomwi mpaka watu wagombane? Hatuwezi kudai Dodoma kile tunachokikataa mihrabuni. Msikiti utakaowapa waumini wake haki ya kupendekeza majina, ukamzuia anayesimamia asigombee, na ukasoma mahesabu kila mwaka, utakuwa umetoa darsa kubwa kuliko makala hii.

Abu Dharr (r.a) aliambiwa na Mtume (s.a.w) kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama utakuwa hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza yanayompasa. Wanaoteua nao wajue kwamba wanashiriki katika hesabu hiyo, na sisi tunaonyamaza pia tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.